Kulanti ya Noah ya Natalina

Kila asubuhi Natalina aliendesha gari la familia, Noah nyeupe ya zamani, kutoka mtaa wa Gudele hadi soko la Jebel. Nyuma alipakia vitunguu na nyanya. Mbele alikaa mama yake, Helen, ambaye hakupenda kubaki nyumbani peke yake. Helen alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Wateja aliwatambua kwa sauti zao.

Vita vilikuwa bado havijaisha. Barabara ya kwenda Uganda haikuwa salama, kwa hiyo magari yalisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Gari likiharibika njiani, msafara haukulisubiri. Kila dereva alilijua hilo. Na hospitali moja huko Gulu, Uganda, ilikuwa imempangia Helen siku ya upasuaji. Msafara wao ulikuwa uondoke Jumamosi.

Jumanne, wakirudi kutoka sokoni, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu. Mvuke mweupe ukatoka chini ya boneti. Natalina alisimama kando ya barabara, akazima injini. Mume wake, Severino, aliyekaa nyuma na magunia matupu, alishuka mbio, akafungua boneti. Alizungusha kitambaa mkononi ili afungue mfuniko wa rejeta.

"Usiguse," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Mzee Lomoro, fundi mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Kazi aliijifunza Arua, Uganda, katika miaka ya ukimbizi.

"Maji ya humo yanachemka na yamebanwa," alisema. "Ukifungua sasa, yatakurukia usoni. Tusubiri injini ipoe kabisa."

Walisubiri karibu saa nzima. Severino akaeleza mambo yalivyokuwa. Maji ya rejeta yalikuwa yakipungua kwa wiki mbili. Kwanza aliongeza maji ya kisima. Halafu alinunua chupa ya kulanti nyekundu, yale maji ya dawa ya kupozea injini, kwa sababu muuzaji alimwambia kwamba nyekundu ndiyo yenye nguvu.

Injini ilipopoa, Lomoro alifungua mfuniko taratibu. Ndani hakukuwa na maji mekundu. Kulikuwa na uji wa kahawia, mzito kama mchuzi wa karanga.

"Humu kulikuwa na kulanti ya aina nyingine," alisema Lomoro. "Wewe ukaongeza hii nyekundu. Dawa zao hazipatani. Zimeganda, zikaziba njia ndogo za maji. Na maji ya kisima yana chumvi, nayo yanaacha magamba. Ndiyo maana injini haipoi."

Severino aliinamisha kichwa. Natalina hakuwa na muda wa kumlaumu. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa ametulia kwenye kiti akisikiliza kila neno, kisha akamuuliza fundi kama gari litafika Gulu.

"Litafika," alijibu Lomoro, "kama hatutabahatisha."

"Basi kijani tuweke na kijani, nyekundu na nyekundu," alisema Severino.

Lomoro alitikisa kichwa. Aliingia gereji akarudi na chupa mbili, zote za kijani.

"Rangi inatiwa na kiwanda tu. Hizi mbili zinafanana kwa macho, lakini ndani ni vitu tofauti. Usichague kwa rangi. Angalia kitabu cha gari kinataka aina gani, halafu soma chupa."

Kitabu cha Noah yao kilikuwa cha Kijapani. Lakini Lomoro alikuwa na cha Kiingereza cha gari kama hilo, alichokitunza ndani ya mfuko wa plastiki. Alifuta mikono kwanza, ndipo akakifungua. Natalina alinakili herufi za ile aina kwenye kipande cha katoni. Fundi naye alikagua mipira yote ya kupitisha maji. Mmoja ulikuwa umepasuka karibu na klipu. Alisema kulanti haipungui bila sababu, na mtu anayeongeza tu bila kutafuta inakotoka ataongeza kila siku.

Kesho yake Natalina alikwenda kwenye duka la vipuri mtaa wa Hai Cinema. Muuzaji alimletea chupa ya manjano, akamhakikishia kwamba kulanti zote ni sawa. Natalina aliweka kile kipande cha katoni juu ya meza.

"Nataka yenye maandishi haya," alisema.

Muuzaji alipanda kwenye kiti, akaishusha chupa kutoka rafu ya juu. Natalina aliigeuza, akasoma maandishi ya nyuma mara mbili. Kulanti nyingine huwa tayari na hazitaki maji. Hii ilikuwa nzito, ya kuchanganywa nusu kwa nusu. Kwa hiyo akanunua pia maji yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi. Alihakikisha si asidi ya betri, ambayo huuzwa katika chupa zinazofanana.

Huko gereji, Lomoro alimwaga ule uji ndani ya jerikani, akafunga kwa nguvu. Alieleza kwamba kulanti ni tamu lakini ni sumu, na mbuzi au mtoto akiinywa anaweza kufa. Aliosha rejeta na injini mpaka maji yakatoka meupe, akayamwaga yote. Akafunga mpira mpya. Natalina alipima mchanganyiko mwenyewe, akajaza, akaacha injini iungurume ili hewa itoke. Katika tanki dogo la pembeni alimimina mpaka katikati ya alama mbili.

"Na ikipungua njiani, na hakuna duka?" aliuliza.

"Poza injini, weka maji safi ya kunywa, kidogo tu. Mkifika, mtafute fundi arekebishe," alisema Lomoro. "Lakini chupa ya usiyemjua usiitie. Khalas, basi, nendeni na Mungu."

Jumamosi Noah ilikuwa ya saba katika msafara. Saa ya kwanza Severino hakuondoa macho kwenye mshale wa joto. Ulikaa katikati. Karibu na Nimule, mji wa mpakani, vilima vilianza, na lori la mbele likapunguza mwendo. Natalina akabadilisha gia, akapanda pole pole nyuma yake. Mshale haukusogea. Severino akaegemea kiti, akalala usingizi. Walivuka mpaka jua likiwa bado juu.

Helen alipasuliwa jicho la kulia Jumanne, huko Gulu. Siku iliyofuata muuguzi alifungua bandeji. Helen alifumba na kufumbua jicho mara nyingi. Alitazama dirisha, kisha ukuta, kisha akamgeukia mwanamke aliyesimama karibu na kitanda. Hakusubiri kusikia sauti yake.

"Natalina," alisema. "Mbona umekonda hivi, mwanangu?"