Mgeni wa Mita Tano

Haya yalimpata Tauno Rantakari, aliyekaa nyumba ya mwisho kabla barabara ya changarawe haijaishia ziwani. Wanaomfahamu wanajua hakuwa mtu wa kutia chumvi. Aliendesha greda la halmashauri miaka thelathini na mmoja, siku ya kustaafu akapewa keki na saa ya ukutani, na tangu hapo simu yake ilikuwa inalia pale tu mtu alipokosea namba. Hakuwa na mke wala mtoto. Alichokuwa nacho ni kamera.

Kamera yenyewe ilikuwa ya mkononi, aliinunua kwa mtu wa mji wa Oulu, imechubuka pembeni na kitufe kimoja kimekufa. Lenzi mpya za kamera ile hakuziweza, kwa hiyo alijifunza ujanja wa wenye mifuko miepesi: kutafuta lenzi za zamani, za chuma, za enzi ya filamu, na kuzifunga kwa pete ya kuunganishia. Lenzi hizo hazina umeme wala akili. Unazungusha mwenyewe kwa mkono, taratibu, mpaka unachokitaka kiwe wazi. Kazi hiyo ilimfaa Tauno. Mikono iliyozoea usukani haipendi kukaa bure.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita alikwenda kwenye gulio la mitumba katika ukumbi wa zimamoto. Kwenye meza ya dirishani alimkuta Irja Kallunki, mwanamke wa ng'ambo ya ziwa aliyewahi kuwa karani wa maktaba, akiuza vitu vya mjomba wake Jalmari aliyefariki mwanzoni mwa mwaka. Ndani ya sanduku la viatu mlikuwa na lenzi tatu.

"Chukua zote," Irja alimwambia. "Mjomba alikuwa anapiga picha za kiti."

"Kiti gani?"

"Kiti tu. Kitupu. Albamu nne nzima."

Tauno alidhani anataniwa. Akalipa, akabeba sanduku lake.

Alasiri ile, baada ya kahawa, alikaa kwenye ngazi za mbele akazijaribu moja moja. Ya kwanza ilikuwa na ukungu ndani, umetanda kama utando wa buibui. Ya pili ilikuwa nzima, akapiga nayo ndege wawili na rundo la kuni. Ya tatu ilikuwa nzito kuliko zote, na kioo chake kimegeuka rangi kama chai ya rangi. Alipoifunga, kamera iliandika kwamba haina lenzi. Hilo halikumsumbua. Kamera za siku hizi zikifungwa lenzi ya kizamani hudhani hazina jicho, nawe unazilazimisha tu ziendelee.

Kamera yake ilikuwa na msaada mmoja kwa wanaolenga kwa mkono. Kitu kikiwa wazi sawasawa, mistari myekundu inacheza kwenye kingo zake ndani ya kioo cha kutazamia. Tauno aliielekeza kwenye benchi lililokuwa mbele ya sauna, kibanda chake cha magogo cha kuogea mvuke. Akazungusha. Alipofika mita sita, ukuta wa magogo uliwaka wekundu, kila ufa na kila msumari. Akarudisha kidogo, mpaka mita tano. Ukuta ukafifia, kama ilivyotakiwa.

Lakini wekundu haukuisha.

Ulipanda mbele ya ukuta, juu ya benchi. Mviringo wa bega. Bega la pili. Shingo. Kichwa kilichoinama kidogo, kama cha mtu anayengoja basi.

Tauno akashusha kamera. Benchi lilikuwa tupu, linapigwa na jua. Akainua tena. Mtu yupo. Akapiga picha, akaitazama: benchi tupu, ukuta wenye ukungu, basi.

Akabadilisha lenzi. Hakukuwa na kitu. Akarudisha ile ya rangi ya chai.

Sasa kichwa hakikuwa kimeinama.

Siku ile hakutoka tena nje. Kesho yake alijiambia kwamba kioo kikizeeka kinaota mambo, akatoka kuhakikisha. Mtu yupo palepale, mita tano. Keshokutwa yake, mita tano. Hakusogea mbele wala hakurudi nyuma. Hakufanya lolote baya. Ukweli ni kwamba hakufanya lolote kabisa, na mtu wa namna hiyo huzoeleka upesi kuliko unavyodhani. Ilipofika wiki, Tauno alikuwa anatoka na vikombe viwili vya kahawa. Kimoja alikiweka benchini. Akakaa kwenye ngazi na kumsimulia juu ya maji ya ziwa, mbu, bei ya mafuta ya taa. Akimaliza sentensi, alikuwa anainua kamera kuona kama amesikilizwa. Mara nyingi kichwa kilikuwa kimeelekea kwake.

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amsikilize mpaka mwisho.

Wiki ya pili mgeni akabadili mkao. Viwiko vilitoka pembeni. Mikono ilipanda usoni, ikashika kitu. Tauno aliutazama mkao ule muda mrefu kabla ya kuutambua, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekaa vilevile.

Naye alikuwa anapigwa picha.

Siku mbili baadaye mlango wa duka la kijijini, ule unaojifungua wenyewe, haukumfungukia. Alisimama mbele yake, akapunga mkono, akarudi nyuma, akasogea tena. Ukabaki umefungwa mpaka alipokuja mama mwenye mtoto, naye akapenya nyuma yao. Kwenye foleni, watu wawili walimpita na kusimama mbele yake. Alikohoa. Hakuna aliyegeuka. Alirudi nyumbani akinung'unika kwamba adabu imeisha duniani.

Mtu mpweke huchelewa kugundua kwamba haonekani. Kwake hakuna kilichobadilika sana. Nasi tuliompita wiki zile hatuna la kujitetea.

Aliyemfungua macho ni binti wa studio ya picha mjini. Leseni ya udereva ya Tauno ilikuwa inakaribia kuisha, ikatakiwa picha mpya. Binti alimwona vizuri alipoingia, labda kwa sababu Tauno alisema jina lake kwa sauti. Akamkalisha kwenye kiti, akapiga.

"Samahani, baba, usitikisike."

"Sijatikisika."

Akapiga tena. Akapiga mara nane. Kisha akamgeuzia kioo cha kamera, akiomba radhi kwamba mashine ina wazimu leo. Pazia la nyuma lilionekana uzi kwa uzi. Skrubu za kiti zilionekana. Katikati, pale alipokaa Tauno, palikuwa na moshi wa rangi ya ngozi.

Binti akageuka kurekebisha taa. Alipomaliza akakitazama kiti, akakunja uso.

"Ah," alisema peke yake. "Ameondoka bila hata kuaga."

Tauno alikuwa bado amekaa.

Hakujua ameendeshaje gari mpaka nyumbani. Hakutaka kutazama. Akatazama. Mita tano. Mistari ilikuwa imenenepa, imekuwa mingi. Sasa mgeni alikuwa na vifungo. Alikuwa na mikunjo ya mikono ya koti. Alikuwa na kofia ambayo ukingo wake umepinda upande wa kushoto.

Taratibu Tauno akainua mkono, akagusa kofia yake. Ukingo, upande wa kushoto.

Aligeuza gari akazunguka ziwa mpaka ng'ambo.

Irja alikuwa barazani kwake anamenya viazi, mbwa wake amelala miguuni. Tauno alipanda ngazi, mbao zikalia. Mbwa hakuinua kichwa. Alimwita Irja mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisu kiliendelea kutembea juu ya kiazi. Mwishowe Tauno akaweka kiganja kwenye beseni la maji, akalisukuma mpaka ukingo wa meza.

Irja akalitazama beseni likisogea. Kisu kikasimama. Uso ulimgeuka mweupe, lakini hakukimbia.

"Mjomba?" akanong'ona.

Tauno anasema neno lile lilimuuma kuliko yote. Akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na Irja akainamisha sikio kama anayesikia mtu wa ng'ambo ya maji.

"Ni nani?"

"Tauno. Niliyenunua lenzi."

Irja aliongea akiangalia pembeni yake kidogo, mahali ambapo hakuwapo. Alimweleza yale ambayo hakuyasema gulioni. Mjomba Jalmari aliishi peke yake, na miaka ya mwisho alidai ana mgeni mpole anayekaa kwenye kiti cha jikoni. Alikutwa dirishani, mahali pa wazi, wiki tatu baada ya kufa. Mleta barua alikuwa amepita mbele ya dirisha lile kila asubuhi. Aliapa mbele ya polisi kwamba hakuona mtu.

"Nilikuwa nampigia simu," Irja alisema. "Nilidhani hapokei. Siku hizi nafikiri alikuwa anapokea, ila mimi simsikii."

Alifuta mikono kwenye aproni. Akauliza kama amekuja na kamera. Tauno akaiweka mezani, na Irja akashtuka ilipotokea mbele ya macho yake.

"Ina lenzi gani?"

"Ile yake."

"Itoe. Funga nyingine."

Tauno akafunga ile nzima. Irja akaichukua. Akajaribu kwanza kuelekeza huku na huku, akaona uzio, akaona gari. Mjomba alikuwa amemfundisha kulenga kwa mkono tangu ana miaka tisa, alisema, kabla ya mashine kuanza kuwachagulia watu cha kutazama.

"Kaa mahali pamoja," akamwambia. "Halafu ongea, nijue uko wapi."

"Niongee nini?"

"Chochote. Cha kweli."

Tauno akakaa kwenye kiti cha baraza. Kisha akasimulia juu ya keki ile ya kustaafu. Ilikuwa ya watu kumi na wawili, wakaja watatu, akala iliyobaki siku tano peke yake. Akasimulia kwamba siku yake ya kuzaliwa ujumbe ulitoka benki tu. Akasema kuna majira ya baridi alikaa siku kumi na tisa bila kutumia sauti yake, na siku ya ishirini alipomwita kunguru uani, akashtushwa na jinsi ilivyokuwa imechakaa.

Irja alizungusha pete ya lenzi. Kidogo mbele, kidogo nyuma. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Endelea," alisema.

Tauno akaendelea. Akasema jambo ambalo hajawahi kunieleza mimi wala mtu mwingine, na Irja naye hasemi. Mkono wa Irja ulisimama. Ukarudi nyuma unywele mmoja.

"Nimepata sikio."

Tauno akajisogeza mbele.

"Nimepata shavu. Usisogee. Usiache kuongea."

Pete ikazunguka tena, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Tauno," alisema. "Nakuona."

Akabonyeza.

Mbwa akaruka. Akabweka mpaka sauti ikakatika, manyoya yamesimama, kama mwizi ametokea katikati ya baraza. Irja akashusha kamera, akamtazama Tauno machoni, moja kwa moja.

"Umekonda," alisema.

Alimpa kahawa na mkate mtamu wa iliki, akamzuia kuondoka mpaka saa tatu usiku, jua la kiangazi cha huko bado liko juu ya misonobari. Kesho yake mlango wa duka ulifunguka Tauno akiwa bado hatua sita. Benchi lile walilipasua kuni wote wawili. Tangu siku hiyo, kila asubuhi mmoja wao humpigia mwenzake simu, hata kama hana la kusema.

Lenzi hawakuitupa. Irja alitaka kujua. Mwezi wa tisa waliipeleka kwa fundi mmoja Oulu, mzee anayefungua lenzi tangu enzi za filamu. Hawakumweleza chochote. Aliifungua mbele yao, akapanga vipande kwenye kitambaa, mpaka akafika kwenye vioo viwili vya katikati, vilivyogandishwa pamoja kiwandani kabla yeye hajaanza kazi. Akaviinua kwenye taa. Akavigeuza. Akavuta kioo cha kukuzia.

"Kuna mtu ameacha alama ya kidole hapa," alisema. "Gumba. Si juu. Ipo kati ya vioo."

Irja aliuliza kama ni ya mfanyakazi wa kiwandani.

"Miaka sitini ingekuwa imekauka." Fundi akasogeza taa. "Hii bado ina mafuta. Na tazama, mwenye nayo aliwahi kukatwa. Kovu limepita mshazari, kutoka kwenye kucha mpaka kwenye kiungo."

Irja akainama kutazama. Tauno hakuinama. Kidole gumba chake cha kulia kilipasuliwa na msumeno mwaka aliojenga sauna, kutoka kwenye kucha mpaka kwenye kiungo.

Aliuingiza mkono mfukoni, akauacha humo.