Raba Kavu za Delphie

Katika bonde lote la Kijito cha Tolliver hakuna mtu anayejua kutega rakuni kunishinda mimi. Asiyeamini na aje akitazame kidole gumba changu cha kushoto, ambacho hakijakunjika tangu mtego wangu wa kwanza uliponinasa mimi mwenyewe. Basi tuyaache hayo. Tumfuate Delphie Maddox, ambaye alikuwa na vidole vizima vyote, na bado yakamkuta.

Delphie alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliishi na babu na bibi yake juu ya kilima, huku kwetu Missouri. Kila asubuhi ya kiangazi aliwafungulia kuku, akawajazia nguruwe maji, kisha akampelekea Babu Harlan kahawa barazani. Babu siku hizo alikuwa mtu wa kiti. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla mguu. Daktari alikwisha kumkata vidole viwili, akampigia marufuku pipi, keki na asali. Mguu wenyewe, umefungwa bendeji, aliuegemeza juu ya ndoo ya bati iliyofudikizwa. Ndoo hiyo hakutaka iguswe na mtu.

"Harlan, nipe ndoo yangu nichumie maharage," Bibi Opal alikuwa akimwambia.

"Iache hapo, mke wangu. Imeshazoeana na mguu."

Chini ya kilima lilikuwa shamba lao la mahindi matamu, na chini ya shamba kilipita kijito. Ng'ambo ya kijito ulikuwa msitu wa Bi. Ina Stroud, mjane aliyeishi na paka wake mmoja. Paka huyo alikuwa mweusi mwili mzima isipokuwa kifua cheupe, na alitembea polepole kama mtu anayepitisha sahani ya sadaka kanisani. Bi. Ina alimwita Shemasi.

Rakuni walitoka msituni mle. Mnyama huyu ana kiraka cheusi machoni kama mwizi, ana mkia wa pete, na vidole vyake ni kama vya mtoto wa chekechea. Hujua mahindi yameiva kabla ya mwenye shamba kujua. Wala hali hindi moja akashiba. Hung'ata hili akalitupa, akang'ata lile akalitupa, mpaka shamba zima linalala chini kama lililopigwa kimbunga.

"Mwaka huu yakipona, mwakani tunapanda tena," Babu alimwambia Delphie. "Yakiliwa, namkodishia mjomba wako Clete shamba apande soya zake. Na kile kibanda chetu cha kuuzia mahindi barabarani tutakipasua kuni."

Kibanda kile Delphie alikuwa amekipaka rangi mwenyewe.

"Nitatega mimi, Babu."

"Wewe?" Babu alimtazama kwa jicho moja. "Haya. Kalete vile vizimba vya waya ghalani."

Babu alimfundisha pale pale barazani. Mnyama akiingia kula chambo, mlango unaanguka nyuma yake. Kizimba kinalazwa juu ya ardhi tambarare ili kisiyumbe, maana rakuni hakanyagi kitu kinachotikisika. Juu yake kinawekwa jiwe, asije akakipindua. Kinawekwa kivulini, kwa sababu jua la Agosti halina huruma na kiumbe aliyefungiwa. Kila kizimba kinafungwa kibati chenye jina la mwenyewe. Na kabla ya kuweka chochote kwenye ardhi ya mtu, unabisha hodi na kuomba ruhusa.

"Chambo ni nini?" Delphie aliuliza.

"Pipi zile nyeupe, laini kama pamba. Rakuni anazipenda kuliko mama yake. Paka na mbwa hawana habari nazo. Ukiweka samaki, mjukuu wangu, umealika kijiji kizima karamuni. Na sheria ya jimbo inasema mtego utazamwe kila siku. Sheria yangu mimi inasema utazamwe kabla jua halijapanda."

Bi. Ina aliposikia ombi hakumkaribisha ndani. Alisimama nyuma ya mlango wa wavu, Shemasi akimzunguka miguuni.

"Utavitazama kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, Bi. Ina."

"Wasichana wa siku hizi huahidi haraka." Akamtazama tena. "Haya, tega. Lakini neno lako nimelishika."

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Delphie aliamka alfajiri, akavuka malisho yenye umande mpaka raba zake zikalia chwaa-chwaa. Vizimbani aliwakuta rakuni wakimkodolea macho, naye alimwita Bibi Opal aje na bunduki yake ndogo, ambayo haikuhitaji risasi ya pili. Binamu yake Boyd, mtoto wa mjomba Clete, hakuacha kumchokoza.

"Mtegaji mkuu wa Missouri! Leo umekamata nini, mafua?"

"Nimekamata wawili. Baba yako kakamata nini, mbu?"

Kisha ikaja siku ya maonyesho ya wilaya. Jioni hiyo, akiharakisha kutega ili kina Boyd wasimwache, Delphie alifungua kabati akakuta mfuko wa pipi ni mtupu.

"Babu! Pipi zimekwisha!"

"Panya hao," Babu alijibu bila kugeuza kichwa. "Nyumba hii imejaa panya."

Dukani kulikuwa mbali, na Boyd alikwisha kupiga honi ya gari la baba yake. Delphie alipapasa rafu ya chini, akapata kopo la dagaa wa mafuta. Alikumbuka maneno ya Babu. Aliyakumbuka vizuri kabisa. Akasema moyoni, "Mara moja tu," akatia dagaa vizimbani, akakimbilia gari.

Maonyesho yalikuwa matamu. Alitazama mashindano ya nguruwe, akala bisi mpaka taya zikachoka, akacheza kwenye uwanja uliomwagiwa unga wa mbao. Asubuhi alipofumbua macho, jua lilikuwa limeshaingia dirishani na kukaa kitako. Alizivaa raba zake, akaenda nyuma ya ghala, akasimama. Malisho yote yalimeta umande. Kule chini kijitoni kulikuwa mbali. Akahesabu pumzi kidogo, akarudi barazani.

"Nimevizungukia vyote, Babu. Vitupu."

Babu alikuwa akimeza kitu haraka haraka. Alipangusa masharubu kwa kiganja, akakohoa. "Vizuri, vizuri. Kawape kuku chakula." Hakuzitazama raba.

Mchana ule ulikuwa wa joto la kupasua mawe. Kuku walilala chini ya mkokoteni midomo wazi. Ilipofika alasiri, Bi. Ina Stroud alionekana akipanda kilima peke yake, amebeba kizimba kwa mikono miwili. Alipumzika mara kwa mara njiani, lakini hakukiweka chini hata mara moja. Alipofika alikilaza polepole kwenye ubao wa baraza.

Shemasi alikuwa ndani yake. Hakuhitaji tena kufunguliwa.

"Kibati hiki kinasema D. Maddox," alisema Bi. Ina. "Mimi sina miwani. Labda nimesoma vibaya."

Bibi Opal alitoka na taulo, akashindwa la kuifanyia.

"Nilikitazama asubuhi," Delphie alisema kwa sauti nyembamba. "Kilikuwa kitupu. Lazima ameingia baadaye."

"Maziwa yake ya asubuhi yamo kisahanini hadi sasa," Bi. Ina alisema. "Nilimwita jana jioni nikamwita na leo. Nikadhani amekasirika."

"Mimi nilikitazama, Bi. Ina. Kweli tena."

Babu Harlan akanyoosha mkono. "Vua raba zako, Delphie. Nipe."

Alizigeuza juu chini. Katika mistari ya soli ulikuwa umejaa unga wa mbao wa uwanja wa maonyesho, mkavu, mweupe, na punje moja ya bisi imenasa kisiginoni. Babu aliigonga soli kwa kidole. Unga ukamwagika juu ya ubao.

"Malisho yale mtu hayavuki asubuhi raba zikabaki hivi," alisema. "Umande ungeuosha unga wote huu."

Delphie alitazama chini. Masikio yake yaliwaka moto.

Bi. Ina hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma. Alimfunga Shemasi katika taulo ya Bibi Opal kama anayefunga mkate. "Vizimba vyako vilivyobaki viondoe kwangu kabla ya giza," alisema. "Na usinipigie hodi." Akateremka kilima.

Rakuni hawakuambiwa kwamba kuna msiba. Asubuhi iliyofuata mistari yote ya upande wa kijito ilikuwa imelala. Mahindi yalizagaa yakiwa yameng'atwa mara moja moja, maziwa yake yakinata kwenye udongo, nzi wakishangilia. Boyd alikuja na baba yake kutazama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mjomba Clete alipima shamba kwa macho, kama mtu anayepima suruali atakayoivaa kesho.

"Usiku mwingine kama huu, Mzee Harlan," alisema, "tutaongea habari za soya."

Delphie alikaa kati ya mabua akalia mpaka pua ikaziba. Halafu aliinuka. Hakumwambia mtu. Alivuka malisho, akavuka kijito, akabisha hodi kwenye mlango aliokatazwa.

"Nimekuja kusema lililobaki," alisema, kabla Bi. Ina hajafungua kinywa. "Nilitia dagaa. Babu alinikataza, nikatia. Halafu sikuja kutazama. Halafu nikasema nilikuja. Yote matatu ni mimi."

Bi. Ina alimtazama kupitia wavu. Kisahani kilikuwa bado sakafuni nyuma yake.

"Habari ya dagaa nilikuwa siijui," alisema.

"Najua, Bi. Ina."

"Mbona umeniambia sasa?"

"Ungegundua peke yako, ningekuwa nimekudanganya tena."

"Usiniletee paka mwingine," alisema mjane. "Watu watakushauri uniletee kitoto cha paka. Sikitaki. Kaburi lake liko chini ya mzabibu, na udongo wake unahitaji mawe, mbweha wasije wakafukua. Mawe yako kijitoni."

Delphie alibeba mawe hadi mabega yakamuuma. Alipomaliza, Bi. Ina alikuwa kizingitini.

"Rudisha vizimba vyako. Kila asubuhi utapita hapa kwanza unionyeshe viatu. Vikiwa vikavu, usirudi maisha. Na sisemi kwamba nimekusamehe. Nasema utege."

Ikawa hivyo. Bibi Opal alinunua pipi mpya mjini, na safari hii Delphie aliuficha mfuko chini ya kitanda chake. Kila alfajiri alisimama kizingitini kwa Bi. Ina, maji yakimchuruzika miguuni, na Bi. Ina alitazama raba, akatikisa kichwa kukubali, akafunga mlango bila neno. Rakuni walipungua. Nusu ya mahindi ilipona. Nusu nyingine waliijua rakuni na Mungu. Kibanda cha barabarani kilifunguliwa siku chache tu, lakini kilifunguliwa, na mjomba Clete akapeleka soya zake kwingine.

Siku ya mavuno ya mwisho, Babu Harlan alimwita Delphie barazani. Alijiweka sawa kitini, akakohoa kikohozi cha mahubiri.

"Mjukuu wangu, umeona mwenyewe. Mtego hauui kwa waya wake. Unaua kwa mtu aliyeusahau. Na uongo ni kizimba vilevile: unaingia kwa hatua moja ndogo, kwa kitu kitamu, mlango unaanguka nyuma yako, na anayekufa ndani si lazima uwe wewe. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Katika nyumba hii hatudanganyani."

"Ndiyo, Babu," Delphie alijibu, na maneno yakamwingia hadi mifupani.

"Umesema vizuri, Harlan," Bibi Opal alisema kutoka mlangoni. "Sasa nyanyua mguu. Nataka ndoo ya kutilia mahindi haya."

"Ndoo? Ndoo si... Opal, kuna beseni jikoni."

"Beseni limejaa."

"Mguu unaniuma sana leo."

"Delphie, mnyanyulie babu yako mguu. Taratibu."

Delphie aliunyanyua kwa mikono miwili, kwa upole, kama alivyofundishwa. Bibi Opal akaivuta ndoo.

Chini yake kulikuwa na mifuko ya pipi nyeupe, mitupu, imekunjwa vizuri mmoja ndani ya mwingine. Wa juu kabisa ulikuwa ule wa kabatini, wa siku ya maonyesho. Delphie aliutambua kwa kona aliyoichana mwenyewe kwa meno.

Kuku mmoja alipita, akaichungulia mifuko, akaenda zake.

"Panya," alisema Babu Harlan.

Bibi Opal aliuokota ule wa juu, akaukung'uta. Sukari kidogo, nyeupe, ilianguka juu ya bendeji ya mguu. Delphie alimtazama babu yake. Hakumcheka. Alikuwa akiukumbuka mkono wake mwenyewe ulivyopapasa rafu ya chini, na kopo la dagaa.

Babu alitambua anachokiwaza.

"Vaa kofia yako, Harlan," Bibi Opal alisema. "Bi. Ina yuko nyumbani."

"Nitafikaje kule na mguu huu?"

"Delphie atakushika mkono. Njia anaijua."