Waya Chini ya Mkeka

Kila akitoka shuleni, Yasmina alifagia baraza, akachota maji, kisha akamwangalia bibi yake, Bibi Khadidja, ambaye nyonga zake zilikataa kumsimamisha bila kushikwa. Siku hiyo kazi iliongezeka. Panya walikuwa wameutafuna waya mrefu unaopeleka umeme kwenye friji ya juisi za mama.

"We Yasmina, pita kwa fundi Thabit, mwambie aje," mama alikuwa amesema akijitanda mtandio kwenda sokoni. "Na waya usiuguse."

Thabit alikaa upande wa pili wa mtaa wao wa Bwiza, na jua lilikuwa kali. Uani, rafiki yake Moza alikuwa akimngoja na kamba ya kuruka. Tena umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Waya usio na umeme, Yasmina aliwaza, utanifanya nini? Akasokota nyuzi za shaba kwa vidole, akazifunga kwa kipande cha kitenge kikuukuu, kama mtu anayefunga kidole kilichokatwa. Fundi kamili, ila hakufundishwa na mtu. Kazi yenyewe haikupendeza macho, basi akaifunika kwa mkeka.

Joto lilipomshinda kitandani, bibi aliomba kushushwa sakafuni. Yasmina akasita kidogo, kisha akamlaza juu ya mkeka uleule, miguu mbali kidogo na pale waya ulipouvimbisha mkeka.

"Fundi amekuja?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi. Ameshamaliza."

"Upesi hivyo? Leo Thabit amekula nini?" Bibi akacheka, akafumba macho.

Yasmina alikuwa hewani, kamba ikipita chini ya miguu, redio ya jirani ilipoanza kuimba ghafla. Umeme ulikuwa umerudi.

"Mbona umesimama?" Moza akamtania. "Umechoka kama bibi yako?"

Yasmina akageukia nyumba yao. Alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, na moshi ukaanza kutoka dirishani mwao.

Mama Shakuru, jirani wa uani, akaweka ungo chini na kunyakua ndoo ya maji. "Moto wa nini? Uliacha makaa jikoni?"

"Mi sijui," Yasmina akasema. Uongo ulikuwa umemtoka kabla hajafikiri.

Mama Shakuru akakimbilia jikoni, nyuma ya nyumba. Ndani, bibi alikohoa.

"Yasmina, mwanangu, njoo unishike."

Kutoka mlangoni, Yasmina alimwona akijaribu kujiinua kwa kiwiko. Ukingo wa mkeka ulikuwa unawaka, na moto ulitambaa kuelekea miguuni pake. Mama Shakuru alirudi mbio na ndoo yake, akaiinua ili amwage.

"Apana, mama, usimwage," Yasmina akasema. "Ni waya. Uko chini ya mkeka. Fundi hakuja, niliuunga mwenyewe."

Ndoo ikatua chini. Mama Shakuru akageukia mita ya uani, akashusha swichi kuu. Redio ikanyamaza.

"Sasa twende. We shika kwapani, mi nashika miguu."

Wakamtoa bibi, kisha Mama Shakuru akarudi kuumwagia mkeka maji mpaka moshi ukaisha.

Mama alipofika, bibi alikuwa ameketi barazani, masizi usoni, malengelenge kisiginoni. Yasmina hakungoja kuulizwa. Alieleza yote, hata ule uongo kwamba fundi amemaliza kazi. Mama alikitazama kisigino kile, kisha akaenda kuutupa waya jalalani.

"Sogea hapa," bibi akamwambia Yasmina. "Kuunga waya ulikosea, maana hiyo si kazi yako. Lakini ungeniambia ukweli, ningevumilia joto langu kitandani. Uongo wako ndio ulionilaza juu ya moto, na ungemponza hata Mama Shakuru na ndoo yake. Kazi usiyoijua, ngoja anayeijua. Ukishaiharibu, sema papo hapo, hata kama utagombezwa. Kugombezwa kunaisha. Mi ningeisha kweli."

Yasmina akaleta beseni la maji baridi, akakiweka kisigino cha bibi ndani yake, taratibu, akakishikilia.