Tawi la Njia Panda

Walijuana kwenye dirisha la tiketi za boti, pale ziwani, katikati ya foleni na vigari vya watoto. Kinyozi mmoja aliteleza akamwagia kahawa koti la njano la mwongoza watalii, yule ambaye kila mtu alimwita Firimbi kwa ile firimbi inayoning'inia shingoni mwake.

"Utalifua?" Firimbi aliuliza.

"Maisha yangu yote, ukiniruhusu."

Firimbi akacheka, na kicheko hicho kikamponza.

Leo kinyozi kamleta mama yake kwenye matembezi ya familia anayoyaongoza Firimbi kuzunguka ziwa, amwone mkwe mtarajiwa. Penye njia panda Firimbi alilaza tawi la msonobari kuziba njia ya matopeni, kama kawaida yake, halafu akampa kinyozi kazi.

"Wewe ndiye mkia, kaa nyuma ya wote. Usiliondoe mpaka wa mwisho apite."

Akatangulia na watoto. Milima yenye theluji ilikuwa imetulia majini, na hewa baridi ikamtia hamu ya mpenzi wake. Akapiga simu.

"Mkia wangu, mbona huonekani?"

"Nakuja, roho yangu."

"Kimbia basi, kabla sijapata mwingine!"

Kinyozi akafika akihema, skafu begani.

"Mama yuko wapi?"

Kinyozi akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu, na ukungu ulikuwa unashuka bondeni.

Firimbi aliwaacha watoto na wazazi wao kwenye banda la mapumziko, akarudi mbio na kinyozi, akipuliza firimbi mpaka mashavu yakamuuma. Penye njia panda, tawi limetupwa majanini. Aliliona. Kinyozi naye aliliona.

Walimkuta mama kwenye njia ya matopeni, ameketi juu ya jiwe, gauni lake zuri la zambarau limelowa matope.

"Ndivyo unavyopokea wakwe?" alimwambia Firimbi. "Umeniacha nipotelee matopeni! Mwanangu, twende. Huyu si wa kuoa."

Firimbi akamtazama kinyozi. Kinyozi akatazama viatu vyake. Matusi ya mama hayakumuuma kama ukimya ule.

"Nisamehe, mama. Kundi ni langu." Kisha kwa kinyozi: "Na wewe usinipigie tena."

Akaanza kuondoka.

"Mama, tawi nililiondoa mimi!" Kinyozi alipaza sauti. "Alinikataza. Nilikuona unafunga kamba za viatu, nikadhani unanifuata."

"Mimi ndiye niliyemwita," Firimbi akasema bila kugeuka.

"Yaani mmenisahau kwa sababu ya mapenzi?"

Wote watatu wakarudi hadi njia panda. Hapo mama akainama, akaokota tawi, akalilaza mbele ya miguu ya mwanawe.

"Ile pete uliyonionyesha asubuhi bado unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi huvuki hapa mpaka uitoe. Mtu anayebeba kosa la mwenzake mbele ya mkwe, utampata wapi tena?"

Kinyozi akapiga goti matopeni. Firimbi alikuwa bado amenuna, uso kaugeuzia ziwani. Lakini glavu ya mkono wa kushoto alikwisha kuivua.