Mlango Aliouficha Siniva

Mheilala wa uani, ule mti wa maua mekundu yenye harufu kali, haukuwa na ua hata moja, lakini nyumba ya Siniva ilinukia heilala tangu asubuhi. Alifungua madirisha, akapiga deki, harufu ikazidi. Kisha akamkuta bintiye Toakase mbele ya kioo, anachana nywele na kucheka kicheko cha Vika, shangazi yake, waliyemzika mwaka jana.

"Shangazi kaja kunichukua, mama. Kasema nijipambe."

Siniva akampokonya kitana. Huku Tonga shangazi haombi. Akiutaka mkeka wako anaukunja, akimtaka mtoto wako anambeba, na wewe mke wa kaka yake unanyamaza. Akiwa hai Vika alikuwa hivyo, sembuse mzuka!

Homa ilipompanda mtoto, Siniva alimwita muuguzi jirani, naye akamchoma mtoto sindano ya paja. Haikufaa kitu. Ndipo alipomkimbilia Bibi Latai, mganga wa majani.

Bibi Latai aliponda majani ya nonu, akayafunga kwenye kitambaa. "Kuna dawa nyingine imeingia mwili huu? Usinifiche, mwanangu. Nikishamtoa huyu, nafunga kila mlango wa mwili. Nisioujua, siufungi."

Siniva aliona aibu. Bibi angejua kwamba hakuwa chaguo la kwanza, angebeba majani yake akaenda zake.

"Hamna, bibi," akanong'ona.

Bibi akakamua matone machoni, masikioni, puani, mwisho mdomoni, na kila tone lilipoingia mtoto alijinyonga mkekani akilia kwa sauti ya mtu mzima, harufu ya heilala ikipanda hadi ikawakaba koo, mabati yakigongwa juu ingawa upepo ulikuwa umelala, mpaka Toakase akapiga chafya moja kubwa na nyumba nzima ikanyamaza.

Harufu ikakatika. "Mama, nina njaa," akasema Toakase, kwa sauti yake mwenyewe. Siniva alilia kwa furaha.

Alikuwa akimmenyea muhogo uliochemshwa harufu iliporudi. Safari hii ilitoka chini ya shuka. Bibi Latai akaifunua, akaliona tundu dogo pajani, limevimba.

"Hii nini?"

"Sindano, bibi. Nisamehe."

"Ole wako! Majani yangu yana njia zake, hapo hayafiki." Akakusanya vitu vyake, akaelekea nje. "Mtoto wa watu, huyo mzuka umemfungulia mlango mwenyewe."

Siniva alibaki peke yake, amelikandamiza lile tundu kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote. Hakujua la kufanya zaidi ya hilo. Chini ya kidole ngozi ikaanza kusukuma kutoka ndani.

Toakase akafumbua macho, akatabasamu.

"Ahsante kwa mlango, wifi," ikasema sauti ya Vika. "Sasa toa kidole. Unamuumiza mwanangu."