Watu 131 Waliokula Saladi ya Lorraine

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 8 Aprili, Marit Tollefsrud alifungua laptopu kwenye meza ya jikoni akakuta ameibiwa. Hakuna mlango uliovunjwa. Kulikuwa na barua tu kutoka chuo chake cha mtandaoni: kazi yake ya mwisho ya shahada ya uzamili ya afya ya jamii ilifanana kwa asilimia tisini na sita na ya mwanafunzi mwingine, iliyowasilishwa siku mbili kabla ya yake. Ajieleze kabla ya Alhamisi saa kumi na moja jioni, la sivyo anafukuzwa.

"Mimi? Mwizi?" aliiuliza kahawa yake.

Tuelewane. Marit ana miaka hamsini na miwili, ni muuguzi wa kaunti yetu hapa Minnesota, na hata kalamu ya benki huirudisha. Chuo hicho hakihesabu saa za kukaa darasani. Ukithibitisha kwamba kazi unaiweza, unavuka. Usipoweza unaandikiwa neno moja, "Bado", unarudia. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akivuka somo baada ya somo kwenye meza hiyohiyo, mbele ya ukuta mtupu, maana msimamizi wa mitihani anayekuchungulia kwa kamera hataki kuona hata picha ya harusi. Bodi ya kaunti ilishamwahidi ukuu wa ofisi ya afya, mradi shahada iwe mkononi kufikia tarehe 30 Juni. Akifukuzwa, shahada hakuna na ukuu hakuna.

Kazi yenyewe ilikuwa uchunguzi wa chakula cha mchana cha kanisani, Jumapili tarehe 2 Februari. Kila familia ilileta bakuli lake, na watu sitini na wawili kati ya mia moja arobaini wakaishia kupigania choo. Marit aliwahoji wote mia moja arobaini, mmoja mmoja, na kumkamata mkosaji: mchuzi wa nyama uliokaa vuguvugu saa tatu nzima.

Alimpigia mshauri wake wa masomo, Ignacio Beltrán, ambaye huongea naye kila wiki kutoka Texas na hawajawahi kuonana uso kwa uso.

"Jina siwezi kukupa, Bi Marit. Ni kanuni."

"Niambie basi anaishi wapi."

"Hilo nalo siwezi." Akakohoa. "Ila mimi nakuamini. Niletee ushahidi."

Saa mbili na nusu alifika ofisini. Curt Engebretson, mkaguzi wa mikahawa kwa miaka ishirini na sita, alikuwa ameegemea mlango wake na kikombe mkononi.

"Ehe, profesa! Digrii ya pajama inaendeleaje?"

"Inaendelea. Samaki wako wamekimbilia wapi?"

Ukutani kwake palikuwa na alama nne nyeupe, mahali palipokuwa na picha za samaki aliowahi kuvua.

"Watapaka rangi," Curt alisema. "Mwezi huu. Au ujao."

Marit hakumwambia lolote kuhusu barua. Mawazo yake yalikuwa kwa Kaia, binti wa kaka yake, mtu pekee mjini aliyejua kwamba anasoma chuo hichohicho. Saa sita mchana alimkuta kwenye duka la dawa anakofanya kazi.

"Kaia, ile ripoti niliyokutumia uisome, uliifanyia nini?"

"Niliisoma. Nikakuambia ni nzuri." Kaia aliweka sanduku chini. "Mbona unaniangalia hivyo, shangazi?"

Marit akamweleza. Uso wa msichana ukawa mwekundu.

"Unanifikiria mimi? Mimi niko kwenye takwimu, somo la tatu! Nimeandikiwa 'Bado' mara mbili! Kazi ya mwisho haifunguki mpaka uvuke masomo yote. Wewe si ndiye unayejua mambo hayo kuliko mimi?"

"Najua. Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe Ijumaa," Kaia alisema, akamgeukia mteja.

Marit alikaa ndani ya gari, aibu imemjaa. Kwenye mlipuko wa ugonjwa huanzi na mtu unayemshuku. Unaanza na nani alikula nini, na lini. Akageuza bahasha akaandika: *Alhamisi 6 Machi, rasimu ya kwanza imekamilika. Ijumaa 7, nimemtumia Curt ahakiki joto la vyakula. Jumamosi 8, nimesahihisha jedwali la tatu. Jumapili 9, nimemtumia Kaia.* Wengine hawakuwahi kuiona. Akampigia Beltrán tena.

"Sitaki kujua zinafanana wapi. Zinatofautiana wapi?"

Akasikia kompyuta ikibofywa Texas. "Jedwali la tatu. Kazi ile inasema watu 131 walikula saladi ya jeli ya kijani. Yako inasema majibu kuhusu saladi yasitegemewe."

Marit alicheka mpaka akagonga honi.

Hapa kwetu, mtu akikuuliza kama ulikula chakula cha jirani yako, unasema ulikula. Hata ukiulizwa na muuguzi mwenye dodoso. Marit, mwenyeji wa hapahapa, aliyameza majibu hayo yote mpaka Jumamosi ile ya tarehe 8 Machi, alipopekua picha alizopiga jikoni kanisani kwa ajili ya ripoti. Moja ilipigwa saa nane na dakika ishirini mchana, shughuli imekwisha. Mabakuli yote matupu, isipokuwa moja: jeli tamu ya kijani yenye karoti za kukuna, ambayo hapa kwetu huitwa saladi, haijaguswa na kijiko. Akina mama waliokuwa zamu ya kuosha vyombo waliimwaga wakarudisha bakuli safi, wasije wakamuumiza mwenyewe.

Mwenyewe ni Lorraine Engebretson, mke wa Curt.

Saa tisa alasiri Marit aliingia kwa Curt akafunga mlango.

"Curt, bakuli la Lorraine linalisha watu wangapi?"

"Ishirini. Kwa nini?"

"Basi watu mia moja thelathini na mmoja walikulaje?"

Curt aliweka kikombe mezani.

"Hesabu hiyo ilikuwa kwenye rasimu niliyokutumia tarehe 7 Machi, wewe peke yako. Kesho yake niliifuta. Tarehe 4 Aprili imeibuka chuoni, na jina la mtu mwingine juu yake."

"Labda kuna mtu kaingia kwenye barua pepe yangu."

"Na samaki je? Nimemuuliza karani wa ofisi, hakuna rangi itakayopakwa. Mimi kwangu nilitoa picha ya marehemu mama, kwa ajili ya kamera ya mtihani. Umeanza lini kusoma?"

Curt aliutazama ule ukuta wenye alama nne, kisha akakaa.

"Mwaka jana. Nilikuwa nimekucheka sana, nikaona aibu kusema. Na ule ukuu nami nilikuwa nautaka." Sauti ilipungua. "Mitihani nilivuka. Lakini kazi ya mwisho wameniandikia 'Bado' mara tatu, Marit. Nimekagua majiko miaka ishirini na sita, halafu mtu nisiyemwona ananiambia bado!"

"Ukaniacha nifukuzwe mimi?"

"Sikuwaza kufika huko. Niliwaza tu kuvuka."

"Nimekasirika, Curt," Marit alisema. "Nimekasirika sana." Kwetu, maneno hayo ni sawa na mtu kuvunja kiti.

Curt alivuta kibodi, akaandikia chuo ukweli wote. Saa kumi na dakika tano akatuma. Marit akamwonyesha ile picha, ambayo naye angeituma.

"Kwa hiyo hakuna aliyekula?"

"Hakuna."

"Hata mchungaji?"

"Hata mchungaji."

"Mimi nilikuambia nimekula."

"Najua. Umo kwenye wale 131."

Curt alipangusa macho kwa kiganja. "Ya chuo nitamwambia Lorraine leo, mimi mwenyewe. Lakini ya saladi, Marit, nakuomba..."

Alhamisi saa nne asubuhi Beltrán alipiga simu akisema neno moja tu: "Umevuka." Ijumaa, Kaia akasamehe kama alivyoahidi. Na Jumapili tarehe 11 Mei kanisa lilimwandalia Marit chakula cha pongezi, kila familia na bakuli lake, mchuzi ukichemka ipasavyo. Curt, ambaye anaanza masomo upya mwezi wa tisa, alisimama nyuma yake kwenye foleni. Mbele yao alisimama Lorraine na jeli yake ya kijani, safari hii kwenye beseni.

"Nimetengeneza mara tano ya ile," alisema, uso ukimng'aa. "Februari bakuli lilirudi tupu kabisa!"

Marit akachota vijiko viwili. Curt akachota vitano.