Kilomita Mia na Sitini Nyuma ya Mgongo Wake

"Kilomita arobaini hizi, Fundi. Hata kukohoa hujakohoa."

"Angalia barabara."

"Afadhali, ameongea!"

"Nimesema angalia barabara. Sijasema tuongee."

Fundi akauma meno, akaendelea kukanyaga. Mbele yake, karibu kabisa na pua, ulikuwepo mgongo alioapa hatauona tena maisha yake yote. Na leo, jamani, hakuwa na kingine cha kutazama. Baiskeli ya watu wawili ndivyo ilivyo. Wa mbele anashika usukani na breki, anaona dunia. Wa nyuma anakanyaga na kutazama shati la mwenzake linavyolowa jasho.

Mwenye mgongo alikuwa Tarishi. Kazi yake kupeleka vifurushi kwa baiskeli, na miezi minane iliyopita alikuwa mchumba wa Fundi. Ameshajitambulisha kwa mama yake Fundi, ameshakula, ameshasifia chakula mpaka mama akaanza kumwita mwanangu. Wiki mbili baadaye akatuma ujumbe mmoja tu: "Tuishie hapa. Usiniulize." Akabadilisha namba ya simu. Fundi alilia siku nne juu ya cherehani, akashona sare za shule mikono ya mashati ikiwa imegeuzwa, wateja wakarudisha.

Sasa mtauliza, kama alimchukia hivyo, kapandaje baiskeli moja naye? Kwa sababu ya Kinyozi.

Kinyozi alikuwa rafiki wa wote wawili, na ndiye aliyewakutanisha. Mtu wa maneno! Ulikuwa unaingia kwake kunyolewa, unatoka na habari za mtaa mzima. Basi saratani ikaona viungo vyote, ikachagua koo. Alifanyiwa upasuaji, daktari akamkataza kutoa hata neno, na sasa alitakiwa asafiri akapigwe mionzi. Klabu ya baiskeli ikatafuta wafadhili. Safari ya kilomita mia na sitini kwa siku moja, kwenda mpaka kiwanda cha saruji na kurudi, kwenye baiskeli ya watu wawili. Sheria ilikuwa moja: wawili watakaoanza ndio watakaomaliza. Mmoja akishuka akakataa kuendelea, ahadi zote za wafadhili zimekufa.

Kinyozi mwenyewe ndiye aliyepanga kukaa kiti cha nyuma. Daktari alipokataa, alimwandikia Fundi: "Klabu nzima hakuna mwingine anayeiweza hiyo baiskeli na Tarishi. Mliiendesha mwaka mzima mkichumbiana. Nakuomba."

Fundi akajibu: "Kwa ajili yako tu. Ila sitaongea naye."

Ndiyo hivyo. Ila kuna kitu kimoja kilikuwa kinamla roho, na kadiri kilomita zilivyozidi ndivyo kilivyozidi kumla. Kwa nini? Mtu hawezi kukuacha bila sababu. Ana mwingine? Mbona mtaa mzima haujawahi kumwona na mwingine? Au kuna mtu amenichafua jina? Nani? Maswali hayo alikuwa ameyazoea, analala nayo anaamka nayo. Leo mwenye majibu yuko hapa, hawezi kukimbia, hawezi hata kugeuka nyuma.

Kwenye kilomita ya sitini na tano, mlima ukaanza. Fundi akashindwa kuvumilia.

"Ni nani?"

"Nani nani?"

"Usijifanye. Huyo mwanamke."

"Hakuna mwanamke."

"Basi nilikukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Mama yangu alikukosea?"

"Fundi, tuna mlima hapa, tupumue kwanza."

"Pumua huku unanijibu. Miezi minane yote umepumua wewe tu."

Tarishi akainamia usukani. Fundi akaona mabega yakipanda na kushuka, akashindwa kujua kama ni mlima au ni kitu kingine.

"Niliapa kwamba sitasema," akasema mwishowe.

"Uliniapia na mimi pia, nakumbuka. Hukuona shida kuvunja."

Hilo lilimwingia. 

"Siku Kinyozi alipopata majibu ya hospitali," Tarishi akaanza, "nilikuwa naye pale kinyozini. Karatasi iko mapajani, analia. Hujawahi kumwona Kinyozi analia, wewe. Akaniambia kuna mwanamke anampenda miaka mingi, hajawahi kumwambia, na sasa anaweza kufa bila kumwambia. Nikamuuliza ni nani. Akanyoosha kitana dirishani, upande wa pili wa barabara. 'Yule pale,' akasema. 'Najua sina haki hata ya kulisema. Niapie hutamwambia mtu.' Nikatazama. Ulikuwa mlangoni, unashona."

Fundi akasahau kukanyaga.

"Mimi?"

"Wewe."

"Kinyozi ananipenda mimi?"

"Sasa ningefanyaje? Rafiki yangu anakufa, mimi naandaa harusi na mwanamke anayemlilia? Nikaona nikae pembeni. Nikasema pengine atakwambia, pengine..."

"Pengine nini?"

"Pengine ungemkubali."

Hapa Fundi angeweza kumpiga ngumi ya mgongo, na nafasi alikuwa nayo. Badala yake akatoa simu. Uzuri wa kiti cha nyuma ni huo tu, mikono iko huru.

"Kinyozi, nijibu haraka. Unanipenda?" akaandika.

Jibu likaja upesi: "Kama dada yangu. Kwani jua limekupiga kichwani? Kunywa maji."

"Siku ya majibu ya hospitali ulimwonyesha Tarishi nani dirishani?"

 Fundi akaikodolea simu macho mpaka wakakaribia kuukata mlima. Ikatetemeka.

"Amekuambia?? Yule mtu hawezi kutunza siri! DADA VIFUNGO. Miaka sita sasa. Nakuomba usimwambie."

Fundi alisoma mara mbili. Dada Vifungo! Mjane anayeuza vifungo na zipu chumba kilekile cha ushonaji, meza yake iko nyuma ya cherehani ya Fundi, hatua tatu tu kutoka mlangoni. Mwanamke mwenye ulimi wa wembe, ambaye kila jioni alikuwa anamtukana Kinyozi kwa kupiga redio kwa sauti, na kila jioni Kinyozi alikuwa anaongeza sauti.

"Tarishi."

"Naam."

"Mle chumbani kwetu tunakaa wangapi?"

"Mnakaa... Kwani?"

"Jibu."

"Wewe na Dada Vifungo."

 Fundi akasubiri. Aliona shingo ya Tarishi ikikakamaa polepole, baiskeli ikayumba kidogo.

"Hapana," Tarishi akasema.

"Ndiyo."

"Fundi, hapana!"

"Nimemuuliza mwenyewe. Miaka sita. Ulishindwa kumwona? Mtu mzima yule, na kilemba chake!"

"Sikumwona," sauti ikamkatika. "Kila nilipotazama ule mlango nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu."

Mngedhani Fundi angeyeyuka hapo. Wapi! Hasira ndiyo kwanza ilipata pa kukaa. Akatoa miguu kwenye pedeli, akaining'iniza. Tarishi akabaki anahangaika na mzigo wa watu wawili mpaka wakafika getini kwa kiwanda cha saruji, nusu ya safari.

Hapo alikuwepo Mwenyekiti wa klabu na pikapu yake, ameshika saa.

"Hongereni! Mapumziko dakika ishirini. Zikiisha, kama mmoja hayuko kitini naivunja safari."

Fundi akashuka, akaenda kukaa chini kwenye kivuli cha ukuta, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Tarishi akamfuata, akasimama mbali kidogo.

"Nisamehe. Nilikosea mtu."

"Unadhani ndicho kinachoniuma?" Fundi akainua uso. "Hata ungekuwa hujakosea! Hata kama kweli Kinyozi angekuwa ananitaka mimi! Mimi ni kifurushi, unipeleke kwa mtu mwingine asaini apokee? Mlikaa wanaume wawili kinyozini mkagawana mtu, na huyo mtu yuko ng'ambo ya barabara, anashona, hana habari!"

Tarishi akajaribu kumsogelea, Fundi akamzuia kwa mkono.

"Mama aliacha kwenda kwenye vikao vya akina mama kwa ajili ya aibu. Mimi nilijitazama kwenye kioo kila asubuhi natafuta kasoro. Kasoro, Tarishi! Nikaipata mpaka ambayo haipo. Sipandi. Rudi peke yako."

Dakika kumi zikaenda. Mwenyekiti akaanza kukohoa vile vikohozi vya kukumbusha. Simu ikatetemeka mapajani kwa Fundi.

"Nimefikiria," Kinyozi ameandika. "Kumbe mliachana kwa sababu yangu. Nami nilimuuliza Tarishi akasema mmeshindwana tu. Shuka, dada yangu. Sizitaki hizo pesa. Siwezi kutibiwa kwa machozi yako."

Fundi akasoma. Yule mtu alimaanisha alichoandika. Angeweza kweli kubaki nyumbani akafa, kwa ubishi tu, na rafiki yake Tarishi angemwelewa, maana ni walewale. Wanaamua wenyewe nani aumie, nani apishe, nani afe, halafu wanakutumia ujumbe.

Akaandika: "Hata wewe unaniamulia? Nitashuka nikitaka mimi. Ukiandika upuuzi huo tena nakuja kukunyoa nyusi. Oga, vaa shati jeupe, tunafika saa kumi na moja."

Akasimama, akajikung'uta vumbi.

"Mwenyekiti! Sheria inasema nani akae mbele?"

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Inasema wawili walioanza ndio wamalize. Ya viti haijataja."

"Nipe spana."

Akateremsha kiti cha mbele mwenyewe. Tarishi akamtazama kwa wasiwasi.

"Fundi, hujawahi kuiendesha hii kwa mbele. Ni nzito. Na huu mlima tunauteremka sasa."

"Panda au niivunje safari mimi?"

Akapanda.

Walivyoyumba mita mia za kwanza, Mwenyekiti alifumba macho. Halafu baiskeli ikanyooka. Mteremko ukawachukua, upepo ukajaa masikioni, na Fundi kwa mara ya kwanza siku hiyo akaona barabara yote, na malori yakija, na mawingu kule mbali.

"Punguza!" Tarishi akapiga kelele nyuma. "Mbele kuna nini? Kuna kona?"

"Utajua tukifika."

"Fundi, sioni kitu!"

"Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi minane."

 Baada ya muda Fundi akasikia kitu nyuma yake, akadhani ni mnyororo. Haukuwa mnyororo. Tarishi alikuwa analia, na miguu bado inakanyaga. Fundi hakugeuka. Hata angetaka asingeweza, na kusema kweli, machozi yake mwenyewe upepo ulikuwa unayapeleka kwenye masikio.

Kutoka hapo waliongea kama watu. Jua likawachoma, gurudumu likapata pancha moja, wakaziba pamoja. Kwenye kilomita ya mia na ishirini Tarishi hakusema tena "punguza". Aliuliza tu, "Uko sawa?" Fundi akasema mapaja yanawaka moto. Tarishi akasema yake yalishakufa zamani, anakanyaga kwa mazoea. Fundi akacheka bila kutaka, akajikasirikia kwa kucheka.

Saa kumi na moja na robo waliingia mtaani. Watu wamejipanga pande zote mbili, wanapiga masufuria na vifuniko. Mbele ya kinyozini, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Kinyozi, amekonda, shati jeupe linampwaya, skafu shingoni. Pembeni yake alisimama Dada Vifungo na chupa ya chai, anawafokea watu wasimbane mgonjwa. Fundi akavuta breki. Mwenyekiti akatangaza kwamba safari imetimia, ahadi zote zitalipwa, na Kinyozi anasafiri wiki ijayo.

Kinyozi akalia, akacheka, vyote bila sauti. Halafu akamtazama Fundi, akamtazama Tarishi, akachukua simu yake. Akaandika muda mrefu, vidole vinakosea, anafuta. Alipomaliza akampa Dada Vifungo.

Dada Vifungo akasoma. Akasoma tena. Mtaa mzima ukasogea, watu wanataka kujua.

"Miaka sita?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya kila siku. "Koo lote lile ulilokuwa nalo, unaongea kutwa kucha, ulikuwa unalitunzia nini?"

Kinyozi akainamisha kichwa.

"Inua uso. Nimeshazika mume mmoja, sina mpango wa kuzika wa pili. Mimi ndiye nitakayekupeleka huko kwenye mionzi. Na utaniandikia kila siku mpaka vidole vichoke, umesikia?"

Vigelegele vikapasua mtaa. Watu wakawazonga wale wawili, wengine wanataka kusoma simu.

Fundi akajitoa pembeni, akaegemea ukuta.  Tarishi akaja, akasimama mbele yake, mikono haijui ikae wapi. Walitazamana usoni kwa mara ya kwanza bila kufokeana.

"Nilitaka nikwambie kwamba sitakusumbua," Tarishi akaanza. "Nimeona ni bora nikae mbali, ili wewe upate..."

Akajishika mdomo. Akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Naanza tena. Fundi, wewe unataka nini?"

Fundi akamtazama. Miezi minane, na lilikuwa swali dogo kiasi hicho.

"Nataka maji," akasema. "Halafu nataka kuoga. Halafu nataka uje nyumbani Jumapili, ukae mbele ya mama, umweleze yote kwa mdomo wako. Usiruke hata neno."

"Atanifukuza."

"Inawezekana."

"Atanimwagia maji."

"Yatakuwa ya moto."

Tarishi akajifuta uso kwa mkono uliojaa mafuta ya mnyororo, akabaki na mstari mweusi shavuni.

"Saa ngapi?" akauliza.